Mizigo Mizito Ipande Gari la Moshi, Barabara Wapewe Watu

(Maneno yaliyosomwa mbele ya wanachama na wapenzi wa chama hapa Tunduma. Tunayachapa kama yalivyosemwa.)



Leo tumepewa nafasi tuseme juu ya njia. Twakusudia njia hizi tunazozikanyaga kila siku: barabara kuu itokayo Dar es Salaam hadi hapa mpakani, na reli ya TAZARA ambayo wengi wetu tunaivuka kwa miguu bila hata kugeuza shingo kutazama kama gari la moshi laja. Katika vikao vyetu, tangu Mlowo na Vwawa hadi Mpemba na hapa mjini, limekuwa likiulizwa swali moja. Mkoa unakua, watu wanazidi, malori yanazidi. Je, tudai barabara ipanuliwe, au tudai reli ifufuliwe? Wengine wamesema barabara. Wengine wamesema reli. Sisi tumekaa, tumepiga hesabu, na jioni hii tunawaletea jibu letu mlipime.

Kwanza tuujue ukubwa wa jambo lenyewe. Mkoa wa Songwe ni mtoto wa juzi. Ulimegwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2012, mji wa Tunduma ulikuwa na watu 97,562. Katika hesabu ya mwaka 2022 walikuwa 219,309. Kwa miaka kumi mji umezidi mara mbili, na mkoa mzima ulifikia watu 1,344,687. Sasa watu wote hawa wana barabara kuu moja ya kwendea Mbeya. Mama anayempeleka mtoto Hospitali ya Rufaa hupita hapo. Mkulima wa kahawa wa Mbozi hupita hapo. Basi la Sumbawanga, kosta ya Mbeya, mwanafunzi kwa miguu, kijana wa bodaboda, na lori la tani 56 liendalo Zambia na Kongo, wote wamebanwa katika kipande kimoja cha lami. Akipinduka mmoja, wote wamesimama.

NJIA HIZI ZILIDAIWA

Ndugu wananchi, njia hizi hazikuanguka kutoka mbinguni kama kile Kimondo chetu cha Mbozi. Zilidaiwa, zikapiganiwa, na inafaa vijana wajue.

Mwaka 1964 wataalamu wa Benki ya Dunia walishauri kuwa reli ya kuiunganisha Zambia na bandari ya Dar es Salaam haitalipa gharama zake. Ati yatosha kutengeneza barabara. Mwaka uliofuata, tarehe 11 Novemba 1965, walowezi wa Rodesia chini ya Ian Smith walijitwalia madaraka kwa nguvu. Shaba ya Zambia na mafuta yake vilikuwa vikipita kwa wingi katika reli za Rodesia. Kwa siku moja shingo ya Zambia, nchi iliyokuwa na uhuru wa mwaka mmoja tu, ikawa mkononi mwa adui.

Ndipo malori yalipoanza kukimbia njia hii. Wakati ule ilikuwa vumbi kiangazi na matope masika. Mafuta yalipakiwa katika mapipa, malori yalipinduka, watu walikufa, na madereva wenyewe waliiita Njia ya Jehanamu. Baadaye ikatiwa lami, kwa fedha za Marekani, za Benki ya Dunia na za wengineo. Mwaka 1968 likafunguliwa bomba la TAZAMA, lenye urefu wa kilomita 1,710, likawa linasukuma mafuta toka Dar es Salaam hadi Ndola. Bomba hili tuliweke akilini, maana tutarudi kwake.

Na reli je? Mwalimu Nyerere na Rais Kaunda hawakuikubali ile hukumu ya mwaka 1964. Tarehe 5 Septemba 1967 mkataba ulitiwa sahihi Beijing, na China ikatoa mkopo usio na riba. Kazi ilianza mwaka 1970. Watanzania, Wazambia na Wachina walikwenda pamoja, wakatoboa milima kati ya Mlimba na Makambako, wakajenga madaraja zaidi ya 300. Wachina waliokufa kazini wamezikwa Gongo la Mboto. Mwezi Agosti 1973 vyuma vya reli vilifika hapa Tunduma na kuvuka mpaka. Mwaka 1975 vilifika Kapiri Mposhi, na Julai 1976 reli yote, kilomita 1,860, ilikabidhiwa kwa serikali zetu mbili.

Tumeyarudia haya kwa sababu moja. Wazee wetu hawakukaa wakashindana, huyu reli, yule barabara. Katika miaka kumi walijenga barabara, na bomba, na reli, kila kimoja kwa kazi yake. Sisi warithi wao ndio tuliovuruga kazi hizo, tukaitwisha barabara peke yake mzigo wa wote watatu.

RELI ILIPATWA NA NINI?

TAZARA ilijengwa ibebe tani milioni 2 kwa mwaka. Haikupata kukifikia kiasi hicho hata mwaka mmoja. Katika mwaka wa fedha 2014/15 ilibeba chini ya tani 100,000.

Sababu zake ni nyingi na si zote zetu. Mwaka 1978 Zambia, ikiwa imebanwa na uchumi, iliifungua tena njia ya kusini. Mwaka 1979 majeshi ya Rodesia yalilipua daraja la Chambeshi. Adui aliijua thamani ya reli hii kuliko sisi tulivyoijua baadaye. Katika miaka ya 1990 Afrika Kusini ilipata uhuru wake, tukashangilia, na mizigo ya Zambia ikapata njia nyingi za kwendea baharini. Hayo hatuwezi kumlaumu mtu. Lakini vichwa vya gari la moshi vilipokufa kwa kukosa vipuri, na njia ilipochakaa mpaka gari la moshi likawa linatambaa, hilo lilikuwa jambo letu. Serikali mbili zenye reli moja zilitazamana, kila moja ikingoja mwenzake atie mkono mfukoni. Mfanyabiashara hangoji. Alichukua mzigo wake akaupandisha lori.

Tupige hesabu ndogo. Tofauti ya tani milioni 2 na tani 100,000 ni tani 1,900,000. Ukizipakia tani 30 katika kila lori, ni safari zaidi ya 63,000 kwa mwaka, yaani malori zaidi ya 170 kila siku ya Mungu, Jumapili na sikukuu zikiwamo. Hiyo ndiyo nafasi iliyokuwa imelala katika reli mwaka ule, huku sisi huku barabarani tukisongana.

HESABU YA LAMI

Sasa sikilizeni jambo ambalo wahandisi walijua zamani lakini sisi wananchi hatuelezwi. Kati ya mwaka 1958 na 1960 Wamarekani walifanya jaribio kubwa katika jimbo la Illinois. Walijenga vipande vya barabara vya kujaribia, wakapitisha malori ya uzito mbalimbali, safari baada ya safari, wakapima uharibifu. Waliyoyaona yamekuwa kanuni ya wajenzi wa barabara duniani: uzito wa ekseli moja ukizidi mara mbili, uharibifu hauzidi mara mbili. Unazidi kiasi cha mara 16. Ni mbili mara mbili, mara mbili tena, mara mbili tena.

Tuilete kanuni hiyo Tunduma. Ekseli ya gari dogo la abiria hubeba kama nusu tani. Ekseli ya lori yenye matairi pacha yaruhusiwa kubeba tani 10. Hiyo ni mara 20. Zidisha 20 kwa 20, kisha kwa 20, kisha kwa 20. Utapata 160,000. Yaani ekseli moja ya lori lililojaa huiumiza lami kama ekseli 160,000 za teksi. Na akitokea mjanja akaongeza tani mbili juu ya zile 10, uharibifu wake unakuwa mara mbili ya ule wa aliyetii sheria. Kwa hiyo ile mizani ya Mpemba, ambayo wengine huiona adha, inalinda mali yenu. Sheria ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016, ambayo nchi yetu ilianza kuitekeleza mwaka 2019, imeweka mwisho wa tani 56 kwa gari zima. Ni sheria njema. Walakini lori lililotii sheria bado ni lori, na malori mia yaliyotii sheria bado yanaila barabara.

Nani hulipa? Mfuko wa Barabara hupata sehemu kubwa ya fedha zake katika tozo ya mafuta. Kijana wa bodaboda wa Mlowo akitia lita moja ya petroli, amechangia. Pikipiki yake haiwezi kuchubua lami hata akipita miaka mia, lakini fedha yake inakwenda kuziba mashimo yaliyochimbwa na shehena ya watu asiowajua, iliyotoka bandarini kwenda nchi nyingine. Hatusemi wageni wasipite. Magari ya nje hulipa ushuru wa barabara mpakani, na biashara yao ni riziki yetu. Tunasema kila shilingi inayozibia barabara kuu ni shilingi isiyofika Ileje, ni shilingi isiyofika Kamsamba. Huko ndiko mpunga na mahindi yanakotoka, na huko ndiko gari hukwama masika mpaka mkulima anauza kwa bei ya kutupa.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni amekuja kwa maelfu. Ni haki yetu kuuliza mwenyeji amepona kiasi gani.

FOLENI HAIPONI KWA UPANA PEKE YAKE

Serikali imepanga kuipanua barabara toka Igawa hadi Tunduma, kilomita 218, iwe ya njia nne. Kazi ilianzia Mbeya, katika kipande cha Nsalaga hadi Ifisi, kilomita 29. Sisi hatulipingi jambo hili. Katika miji yetu, ambapo lori, mkokoteni na mtoto wa shule hugombea nafasi moja, upana ni uhai. Katika miteremko kama ule wa Senjele, ambako basi hujaribu kulipita lori linalopanda kwa taabu, njia ya ziada ingewaokoa watu. Tumezika vya kutosha katika barabara hii.

Lakini asije mtu akawadanganya kuwa njia nne zitaimaliza foleni ya mpakani. Ninyi wafugaji wa Momba mnalijua jambo hili kuliko wahandisi. Ukiipanua njia iendayo zizini na mlango wa zizi ukabaki uleule, ng'ombe watasongana mlangoni vilevile.

Tufanye mfano. Tuseme mpaka unaweza kupitisha malori 500 kwa siku, na malori yajayo ni 600. Kila siku yanabaki 100. Baada ya mwezi mmoja yamebaki 3,000. Kila lori na nafasi yake ya mbele likichukua mita 25, hiyo ni foleni ya kilomita 75. Ukiyapanga kwa mistari miwili, ni kilomita 37 na nusu. Barabara pana imefanya nini hapo? Imeifanya foleni kuwa fupi na nene. Idadi ya malori ni ileile, na madereva wanalala chini ya magari yao vilevile.

Tarehe 5 Oktoba 2019 Rais Magufuli na Rais Lungu walifungua hapa kituo cha pamoja cha mpakani, ili gari likaguliwe mara moja badala ya mara mbili. Huko ni kuupanua mlango wa zizi, na tunashukuru. Walakini wote mnajua kwamba foleni haikufa. Mlango umeongezwa, na ng'ombe nao wameongezeka.

Hapa ndipo tunaporudi kwenye lile bomba. Bomba la TAZAMA kwa miaka mingi lilipeleka mafuta ghafi. Mwaka 2023 liligeuzwa likaanza kupeleka dizeli. Kila tani ya dizeli ipitayo bombani haipigi foleni Tunduma, haikanyagi lami ya Mbozi, wala haipinduki Senjele ikawaka moto. Bomba limetufundisha somo ambalo reli ingeweza kulifundisha mara kumi zaidi: dawa ya msongamano ni kuutafutia mzigo mzito njia yake mwenyewe. Shaba, mbolea, saruji, vyuma, mashine za migodini, hizi ni mali za gari la moshi. Haziozi njiani, haziogopi kukaa siku mbili, na husafiri kwa wingi. Mabehewa 20 yenye tani 40 kila moja ni tani 800. Kwa lori la tani 30 hizo ni safari 27. Gari moja la moshi, dereva na msaidizi wake, dhidi ya malori 27.

NA SISI ABIRIA JE?

Mpaka hapa tumesema juu ya mizigo. Sasa tuseme juu ya watu, maana mkutano huu ni wa watu.

Wenzetu wa Dar es Salaam wamejaribu mambo kadhaa, na sisi tunaweza kujifunza bila kulipa karo. Mwezi Oktoba 2012 walianzisha magari ya moshi ya abiria wa mjini, mojawapo likitumia reli hii hii ya TAZARA. Watu waliliita treni ya Mwakyembe, kwa jina la waziri wa siku hizo. Hapakujengwa reli mpya. Yalichukuliwa mabehewa yaliyokuwapo, yakapewa saa za asubuhi na jioni, na watu wakayajaza. Mwezi Mei 2016 wakaanza mabasi ya mwendokasi toka Kimara hadi Kivukoni, yenye njia yao wenyewe isiyoingiliwa na magari mengine. Mwaka 2024 treni ya umeme ikaanza kwenda Morogoro, kisha Dodoma, na wengi waliozoea basi wakalihama.

Mafunzo ni mawili. La kwanza, mwananchi hupenda chombo chenye saa inayoaminika kuliko chombo chenye mbio. La pili linatoka kwa hayo mabasi ya mwendokasi: njia ilijengwa vizuri, lakini mabasi yalipokuwa machache watu walisimama vituoni kwa saa nyingi. Njia bila vyombo ni mahali pa kungojea tu.

Toka Tunduma hadi Mbeya ni kama kilomita 100. Reli imekwisha kujengwa, na vituo vimekwisha kujengwa, hapa, Vwawa na Mbeya. Mabehewa manane ya watu 75 huchukua watu 600, na kosta ya watu 30 ingepaswa kwenda mara 20 ili kuwachukua hao. Gari la moshi moja la asubuhi na moja la jioni lingempeleka mgonjwa, mwanafunzi na mama mwenye mzigo wa maharage bila kumpitisha kati ya malori. Kituo cha Mbeya hakiko katikati ya mji, kwa hiyo pangehitajika kosta na bajaji za kuwapokea abiria kwa saa zilizopangwa. Hapo wenye kosta hawapotezi kazi. Wanapata abiria 600 kwa mpigo wanaotaka kufika sokoni.

Wale walioishi kando ya reli hii, tangu Ifakara hadi Makambako, wanaweza kuwashuhudia. Katika miaka ya nyuma mkulima mdogo alipakia mchele na ndizi zake katika gari la abiria, akashuka kituo cha mbele, akauza, akarudi. Reli iliyojengwa kwa ajili ya shaba ililisha vijiji ambavyo lori halikuvifikia. Huo ndio uhuru wa njia tunaouzungumza.

MAJIBU KWA WANAOTUPINGA

Wapo wanaosema, na ni ndugu zetu: Tunduma inakula kwa malori. Mama lishe anauza wali kwa madereva. Nyumba za wageni zimejaa madereva. Vijana wanauza maji katika foleni. Mkiyapandisha mabehewani, watu hawa watakula nini?

Hili ni swali la haki na hatutalikwepa. Jibu la kwanza ni kwamba malori hayatakwisha. Reli inaishia Kapiri Mposhi, nayo migodi ya Kongo iko mbele zaidi. Mzigo wa Sumbawanga na wa Katavi hauna reli ya TAZARA. Mahindi ya vijijini hayana reli. Mahali ambapo gari la moshi hupokezana na lori huwa pana makuli, mafundi, maghala, mama lishe na wenye nyumba za wageni, na hapo huwa pana kazi ya kudumu kuliko foleni. Tunataka mahali hapo pawe Tunduma.

Jibu la pili ni kali kidogo. Mfanyabiashara mwenye shaba hatupendi kwa ajili ya wali wetu. Upande wa magharibi, reli iendayo bandari ya Lobito nchini Angola imeanza kuchukua shaba ya Kongo, na Marekani pamoja na nchi za Ulaya zinaisaidia. Tukiendelea kumlaza mtu siku nyingi mpakani, siku moja atageuza uso kuelekea bahari ya pili, na hapo mama lishe wetu atabaki na sufuria yake. Anayeitetea foleni anadhani anaitetea Tunduma, kumbe anaifukuzia wateja.

Wengine husema reli ni polepole. Ni kweli, reli iliyochakaa ni polepole. Barabara iliyochakaa nayo ni polepole. Waulizeni waliopita Njia ya Jehanamu.

MKATABA WA MIAKA 30

Tunakuja kwenye jambo lililotuleta hapa hasa. Septemba 2024, mjini Beijing, serikali za Tanzania, Zambia na China zilitia sahihi hati ya maelewano ya kuifufua TAZARA. Septemba 2025 mkataba wenyewe ulitiwa sahihi na kampuni ya Kichina ya CCECC: dola za Marekani bilioni 1.4, kwa muda wa miaka 30.

Tunafurahi. Lakini tufurahi tukiwa macho. Mwaka 1967 tulipewa mkopo usio na riba na reli ikawa mali ya serikali mbili. Safari hii kampuni inatia fedha yake na itaendesha reli ili fedha irudi. Kampuni hutazama faida, na faida ya reli hii iko katika shaba iendayo bandarini. Hakuna faida kubwa katika kumchukua mama wa Vwawa na kikapu chake. Kwa hiyo kama sisi hatutasema, gari la moshi litapita hapa usiku, refu, limejaa, halisimami. Tutasikia honi yake na kuhisi nyumba inatetemeka, basi.

Mtoto aliyezaliwa Vwawa siku mkataba ulipotiwa sahihi atakuwa mtu mzima wa miaka 30 siku utakapokwisha. Atatuuliza tulisema nini wakati ulipokuwa mbichi.

Sisi tunapendekeza chama hapa kiyabebe mambo matano, na wawakilishi wetu wayapeleke mbele.

Kwanza, yale masharti ya mkataba yanayohusu abiria, nauli na vituo vya Songwe yaelezwe kwa wananchi kwa Kiswahili, katika mikutano kama huu.

Pili, pawe na gari la moshi la abiria kati ya Tunduma na Mbeya, asubuhi na jioni, kwa saa zinazojulikana, lisimame katika vituo vidogo pia.

Tatu, mizigo mizito ipitayo kwenda nje ianze kupewa reli, na Tunduma ijengewe uwanja wa kupokezana mizigo, ili kazi ibaki hapa.

Nne, upanuzi wa barabara uanze pale watu wanapokufa: katika miji, kwenye vivuko vya wanafunzi na kwenye miteremko. Na malori yajengewe maegesho nje ya mji, yenye maji na vyoo, ili dereva naye aishi kama binadamu.

Tano, fedha itakayookolewa katika kuziba mashimo ya barabara kuu ionekane Ileje, Momba na vijiji vya Mbozi, kwa barabara zinazopitika masika na kiangazi.

Ndugu Mwenyekiti, mwanzo tuliulizwa reli au barabara. Jibu letu ni kwamba swali limekosewa. Wazee wetu walijenga zote mbili kwa miaka michache, wakiwa na adui mlangoni na mfuko mtupu. Kazi iliyobaki kwetu ni ndogo kuliko yao: kurudisha kila chombo mahali pake. Mzigo mzito uende relini. Barabara iende kwa mkulima, kwa mgonjwa, kwa mwanafunzi na kwa basi. Na gari la moshi likipita Tunduma, lisimame.

Kila tawi lililowakilishwa hapa tunaliomba liyazungumze haya kwa wanachama wake kabla ya mkutano ujao, na lije na hesabu zake lenyewe: watu wangapi wa kijiji chenu huenda Mbeya kila siku, kwa nauli gani, na wangapi wamekufa au kuumia barabarani mnaowajua. Mkileta hesabu hizo, hakuna afisa atakayetuambia kuwa tunapiga kelele tu.